Maji Tuliyopeleka Bondeni

Mimi ni fundi bati. Nalisema mapema ili mtu asije akatafuta kwangu maneno ya shule. Shule niliionja pale Lulindi, madarasa mawili tu, baba akafariki na mjomba akataka mikono ya kulima. Kazi ya bati sikufundishwa na mtu. Nilichukua debe la mafuta ya taa, nikalifumua, nikalirudisha lilivyokuwa, nikalifumua tena, mpaka nikajua lilivyoungwa. Nchi inapata uhuru, mimi tayari nilikuwa na mkasi wangu, nyundo yangu na ubishi wangu. Kijijini kwetu Makote hapakuwa na mfereji wa mvua ambao haukupita kwenye mikono hii.

Asiyekaa Newala hawezi kujua mfereji wa mvua ni kitu gani. Kule kwetu juu ardhi haina ubaya, mihogo inakubali, mikorosho inakubali, lakini ukisema uchimbe kisima utachimba mpaka uzeeke. Maji yako chini kabisa, kwenye chemchemi za mteremkoni. Mwanamke anaondoka jogoo wa kwanza na mtungi wake, anateremka, anangoja zamu, anapanda, na akifika nyumbani jua limeshakuwa kali. Bomba lilikuwepo, lakini mashine yake ilikuwa na siku zake za kuugua. Mimi nikaezeka nyumba yangu kwa bati, nikaizungushia mifereji, nikaweka pipa kila pembe, nikatangaza kwamba mke wangu hateremki tena. Nilitangaza kwa sauti. Watu walicheka, halafu wakaja kuagiza mifereji.

Mke wangu alitoka ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka akiwa msichana pamoja na mjomba wake aliyefuata kazi ya mkonge, na mjomba huyo ndiye aliyenioza. Mama yake alibaki kule kwao, nako ni juu kama kwetu: mchanga, mikorosho, maji mbali. Sikuwahi kumwona mkwe wangu huyo. Kwa desturi yetu si tatizo kubwa, maana hata ukimwona, humwoni. Mama mkwe unampisha njiani ukiwa umegeuza uso, huli mbele yake, na ukiwa na neno lako unamtuma mtu.

Vita ya Mreno ilipoanza, watu wakawa wanavuka huku kwetu na watoto migongoni. Wengine walipokewa na ndugu zao, wengine wakapelekwa kambini, chini bondeni, mbele ya Masasi. Kila aliyevuka mke wangu alimuuliza habari za mama yake. Hakuna aliyejua. Halafu siku moja akapita mama mmoja anauza mikeka, akasema yule bibi yu hai, yuko kambini, yeye mwenyewe amemsalimia. Mke wangu akampa chakula, akampa na khanga yake, akamwambia: nenda kamwambie mama aje, nyumba ipo.

Muuza mikeka alirudi na jibu. Alilitoa akiwa amesimama pale pale uani, kama mtu anayeogopa kulimwaga njiani.

"Mama yako anasema salamu amezipata. Anasema amebeba maji kichwani tangu utoto wake mpaka siku Mreno alipomkimbiza. Sasa huko aliko mto uko kama hapa na jikoni kwako. Anasema hapandi mlima mwingine wenye kiu. Mkimtaka, shukeni ninyi."

Mke wangu alikuwa anapepeta unga. Aliendelea kupepeta. Tulikuwa na watoto watatu, mdogo bado wa mgongoni, na mama yake hajamshika hata mmoja. Alichotaka ni mama yake awepo pale uani. Salamu zilikuwa hazimtoshi. Na mimi, niliyetangaza kwa sauti kwamba nyumba yangu haina kiu, nilijisikia nimepigwa kofi na mtu nisiyeruhusiwa hata kumtazama.

Haukupita muda, mjumbe wa nyumba kumi akatuita mkutanoni. Zilikuwa siku za Ujamaa, mikutano haikwisha, lakini huu ulikuwa na maana. Aliyesimama kuzungumza alikuwa mwalimu wetu, mtu wa Bukoba, nchi ya mvua na migomba. Mtu mzuri, ila alikuwa hajakaa kwetu hata mwaka.

"Ndugu zangu," akasema, "tunakwenda kujitolea kwa wenzetu wakimbizi. Tutajenga vibanda vya wazee wasio na nguvu. Tutakaa juma zima. Wilaya inatupa lori. Kila nyumba ilete kitu, na msilete kile mlichokichoka. Leteni kile ambacho ninyi wenyewe mkikikosa mnateseka."

Ni yeye aliyesema hivyo. Sisi tulisikia tu.

Nilijiandikisha wa kwanza. Mke wangu asingeweza kwenda, mwalimu alikataza watoto wachanga. Aliponiona narudi kutoka mkutanoni aliniuliza jambo moja tu.

"Utamleta?"

"Nitamleta."

"Utamwambiaje, na wewe humsemeshi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwambia anipe chakula.

Sasa maandalizi. Makopa ya muhogo yalianikwa, majembe yakatiwa mipini, kamba za kujengea zikalowekwa. Lakini kazi iliyonijaa mimi ilikuwa nyingine. Watu walianza kuniletea madebe na mapipa. Huyu lake linavuja, huyu anataka kifuniko, huyu anataka mdomo ubanwe ili lisimwage njiani. Sikuuliza ni ya nini, maana nilijua, na wao walijua kwamba najua. Kwetu huendi msibani mikono mitupu. Mwanamke anakwenda na maji kichwani, anayaweka mlangoni kwa wafiwa, ndipo analia. Anayefika msibani na kuanza kuwanywea wenyewe maji yao hana malezi. Na hawa wakimbizi walikuwa wamefiwa na nchi yao nzima. Hakuna aliyelisema mkutanoni, hakuna aliyemuuliza mwalimu. Utauliza nini? Ni kama kuuliza kama utakwenda umevaa nguo.

Nyumbani tukagombana. Mimi nilitaka kuchukua maji ya mapipa yangu, ya mvua, masafi, mkwe ayaone ajue nyumba ya fundi ikoje. Mke wangu akakataa.

"Maji ya bati ni ya kufulia."

"Jana ulioga nini?"

"Kuoga ni kuoga. Mama simpelekei maji yaliyopita juu ya vinyesi vya kunguru."

"Huteremki. Nilishasema mbele za watu."

"Basi waite hao watu waje wanifungie mlango."

Asubuhi yake sikumkuta kitandani. Mtoto alikuwa kwa jirani. Alirudi jua limepanda, mtungi kichwani, khanga imemlowa mabegani, akapita mbele ya karakana yangu polepole ili wateja wote wamwone. Akaenda tena, na tena, mpaka debe nililomtengenezea mama yake likajaa. Debe lile nililiunga kwa risasi nzuri ya kuyeyusha, nikalitia mikono miwili na kifuniko cha kubana. Mpaka leo sijaunga debe lingine kama lile.

Lori likafika. Dereva wake alikuwa Mmakua wa Masasi, na Mmakua na sisi Wamakonde ni watani, hilo kila mtu analijua. Alishuka, akazunguka mzigo wetu, akagonga pipa moja kwa vidole.

"Mzigo gani huu, watani?"

"Maji," nikamjibu.

Akanitazama. Akautazama mzigo. "Maji," akasema, kama anaonja. "Yote haya?"

"Yote."

"Mazuri?"

"Ya chemchemi."

"Ah. Basi fungeni vizuri yasimwagike. Huko mnakokwenda watayahitaji sana."

Akaenda mbele ya lori, akafungua boneti, injini haina ugonjwa wowote, akainama humo. Niliona mgongo wake unatikisika. Nikadhani ana kikohozi.

Tuliteremka mlima kwa taratibu, dereva akisema hawezi kukimbiza gari lenye mali. Masasi tulisimama hospitali ya Mkomaindo, mwalimu akashuka kuchukua dawa za kwenda nazo. Watu wa pale wakamuuliza dereva amebeba nini. "Muulizeni fundi," akasema, "ndiye mwenye bahari." Nilifurahi. Nilidhani ananisifu.

Jioni mapema tukafika bondeni. Kitu cha kwanza nilichokiona kambini kilikuwa mto. Mkwe alikuwa ameutaja katika salamu zake, nami nilidhani ni kijito tu; kumbe mto kweli, mpana, umejaa, na miti imeinamia humo. Wanawake wanafua juu ya mawe. Watoto wanamwagiana maji, wanacheza nayo, yanapotea mchangani na hakuna anayewachapa. Lori zima tukatazamana. Dereva alizima injini, akalalia usukani, na mara hii nikasikia vizuri kwamba si kikohozi.

"Ulijua!" nikamwambia.

"Tangu Makote."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikwambie nini, mtani? Nimeendesha magari miaka yote hii, sijaona watu wanapeleka maji mtoni kwa lori. Nikuzuie? Watoto wangu wangecheka nini mimi nikirudi bila hadithi hii?"

Mwalimu alikuwa ameshika kichwa. "Wazee wangu, si mngeniambia mnabeba maji? Mimi nilidhani mapipa ni ya mafuta!"

"Mwalimu," nikasema, "ulisema tulete tunachoteseka tukikikosa."

Mwalimu akayatazama mapipa. Halafu naye akaanza kucheka, na sisi tukabaki tumesimama juu ya maji yetu kama wajinga.

Ndipo wazee wa kambi wakaja. Wanaume kwa wanawake, nyuso zimechanjwa chale, bibi wengine na ndonya zao, vile vipande vya mti, kwenye mdomo wa juu. Bibi mmoja akauliza kwa Kimakonde: ya wapi haya? Nikamwambia, ya juu. Hakuna aliyecheka. Wale walikuwa watu wa juu kama sisi, wameteka na kubeba maisha yao yote. Wakaleta kata, wakafungua pipa, wakapokezana, kila mmoja funda moja, na wakatushukuru kama wanavyoshukuriwa waliokuja kuzika. Dereva aliacha kucheka. Akasogea, akaomba na yeye apewe funda lake.

"Haya usiyanywe," nikamwambia, "ya kwako yapo mtoni."

"Nipe, bwana. Nimeyaendesha mimi."

Tukajenga. Mimi nilifunga paa, nikaziba sufuria zao zilizotoboka, kazi za kawaida. Mkwe wangu nilimjua siku ile ile, kwa sababu alikuja kulichukua debe lake. Mtu alisema hili ni la mama fulani, mwanawe kaolewa Makote, na mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka akaja akalikamata kwa mikono miwili. Nikageuka haraka nikatazama miti. Lakini sauti yake ilikuwa ya mke wangu mtupu, imezeeka kidogo.

Nani atakuwa mjumbe wangu? Mwalimu hakujua Kimakonde. Wenzangu wa Makote waliogopa ulimi wa yule mama. Akabaki dereva, aliyekijua Kimakonde vizuri kuliko alivyokubali. Nikakaa nyuma ya ukuta wa fito ambao haujakandikwa, nimempa mgongo mkwe. Mkwe akakaa upande wake, amenipa mgongo. Dereva akakaa katikati juu ya kinu, kama hakimu.

"Shikamoo, mama," akasema dereva. "Mkwe wako huyu mbishi anasema salamu nyingi, na anasema samahani kwa kuleta maji mtoni."

"Sikusema samahani," nikasema.

"Marahaba. Mwambie nimesikia sauti yake, ni kubwa," mkwe akasema. "Muulize, maji haya ya debe ni ya mvua au ya chini?"

"Ya chini," nikajibu. "Ya chemchemi. Mwanao aliyateka mwenyewe."

Nilisikia anafungua kifuniko, anakifunga.

"Basi nilisema kweli," akasema mkwe. "Bado anapanda mlima na mtungi. Na mtoto mchanga ana. Mwambie, alitangaza kwa watu kwamba mwanangu hateremki. Tumesikia mpaka huku."

Damu ilinipanda. Zawadi ile ile tuliyoihangaikia ndiyo iliyonishitaki. Nikasema nyumbani kuna mapipa kila pembe, kuna mifereji, mwanao aliteremka kwa ajili yako tu, nilimkataza akakataa. Niliongea sana. Dereva alitafsiri, akaongeza na yake.

"Anasema mapipa yake ni makubwa, mama, kuliko kichwa chake, na hicho umekiona."

Nilisikia mkwe anacheka. Ndonya iligonga meno.

"Mwambie hivi. Simwamini fundi anayejisifia mwenyewe. Nitakwenda nikaone. Lakini siendi kuomba maji kwa mtu. Nakwenda na yangu, nayateka hapa mtoni kwa mkono wangu. Yakiisha, narudi. Na wewe dereva ndiye utakayenirudisha."

Akaomba ruhusa kwa wakuu wa kambi kwenda kumsalimia mwanawe, akapewa. Siku ya kuondoka alichagua pipa moja katika yale tuliyoyaacha matupu, akalijaza mwenyewe, debe kwa debe, na hakukubali msaada. Akapanda mbele na dereva. Mimi nilipanda nyuma na pipa lake, nimelikumbatia mlima mzima lisiyumbe. Lori lililoshuka na maji likapanda na maji.

Sitaeleza sana walivyoonana. Mke wangu aliangusha ungo. Walishikana mikono wakabaki wameshikana, na mtoto akawa anawatazama kwa zamu. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta nyundo ambayo haikupotea.

Nikamjengea mkwe nyumba ndogo upande wa pili wa uwanja. Pipa lake likakaa mlangoni kwake. Alipika kwa maji yale, akanywa yale, ya kwangu hakuyagusa. Kiangazi kilikuwa katikati, na mapipa yangu nayo yalikuwa yanalia matupu ukiyagonga. Kila jioni mke wangu alipita karibu na pipa la mama yake kama mtu anayepita tu, akalitupia jicho. Yakiisha, anarudi. Alikwishasema, na yule hakuwa mtu wa kurudia neno.

Basi nikachukua baiskeli yangu. Nikafunga madebe mawili nyuma, nikateremka mteremkoni, mwanamume mzima, fundi, nikasimama katika foleni ya wanawake. Walinipisha kwa vicheko. Wakati wa kupanda, wanaume waliokuwa wamekaa dukani wakaniona nasukuma.

"Fundi! Umeolewa siku hizi?"

"Nimeolewa. Mahari yangu hamuiwezi."

Nilikwenda hivyo kiangazi chote. Mkwe akienda shambani au kanisani, mke wangu anafungua pipa lake, anamimina, anafunga. Asubuhi moja nilikuwa nagonga bati, nimewapa mgongo, nikamsikia mkwe.

"Maji ya mtoni mazito, mwanangu. Nakunywa, hayapungui."

"Labda unakunywa kidogo, mama."

"Labda."

Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta pale pale, kiti cha nyuma bado kinadondosha matone. Najua aliiona, kwa sababu hakusema kitu.

Mvua za kwanza zilipokuja, zilikuja mchana, kwa nguvu. Mifereji ikaanza kunguruma na mapipa yakaitikia. Mkwe alitoka na sufuria, akasimama chini ya upenu wangu, akasikiliza upande huu, akaenda upande ule.

"Mwambie mumeo," akamwambia mwanawe kwa sauti ya kunifikia, "pembe ya kule inavuja. Maji yanapotea bure."

Ilikuwa kweli. Bati lenye maji halishiki risasi, kila fundi anajua, nami nilipanda hivyo hivyo na kipande cha mpira na waya. Ngazi ikateleza kwenye tope, kisha ikatulia. Nilipoangalia chini, mkwe alikuwa ameishikilia kwa mikono miwili, uso ameugeuzia barabarani, ili tusionane.

Dereva alikuwa kila akipita Makote anapiga honi na kupaza sauti: "Mama, yameisha nikurudishe?" Na mkwe, popote alipokuwa, anajibu: "Bado!" Waliulizana hivyo miaka mingi, hata baada ya Mreno kuondoka na wakimbizi wenzake wengi kurudi kwao.

Tulipomzika mkwe, watani walikuja kama kawaida, wakatutania, wakanyakua kuku. Yule dereva alichelewa. Lori lake lilipanda mlima polepole sana, likasimama mbele ya nyumba yangu, akashuka, hakucheka. Nyuma kulikuwa na pipa moja, limefungwa vizuri.

"Mzigo gani huu, mtani?" nikamuuliza.

"Maji."

Tukalishusha wawili, tukaliweka mlangoni kwake.